Kati ya Data na Diwani: Kibajuni cha Kismayu katika Masomo ya Fasihi na Uandishi wa Kubuni Vyuo Vikuu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinavyozipokea lahaja zenye maandishi machache, kwa kuangalia Kibajuni cha Kismayu na visiwa vyake. Yanadai kwamba Kibajuni kimeingia chuoni kama data ya isimu na kimefika mahakamani kama ushahidi, lakini hakijapewa nafasi ya kuwa lugha ya utunzi. Somalia sasa ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vyuo vyake vinahimizwa kufundisha Kiswahili. Swali la Kiswahili kipi kitasomwa, na kipi kitatungiwa, huko Kismayu lafaa kujibiwa kabla ya mitaala kuandikwa.

1. Neno moja

Nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, katika chuo kikuu ambacho sina haja ya kukitaja, nilitunga shairi la tarbia kwa ajili ya somo la uandishi wa kubuni. Katika ubeti mmoja nilipatanisha mai na hai. Mai ni maji, kama tulivyoyaita nyumbani Kismayu kabla ya kukimbia mwaka 1991, nilipokuwa bado mtoto. Shairi lilirudi likiwa na mstari mwekundu juu ya neno hilo, na pembeni pameandikwa: maji. Mwalimu wangu alikuwa mtu mwema na msomaji hodari, lakini hakuona kwamba kwa sahihisho lile kina kilikuwa kimekufa, kwa maana hai haipatani na maji. Basi nikapunguziwa alama mara mbili: kwanza kwa kosa la lugha, na pili, baada ya kuliandika upya kama nilivyoelekezwa, kwa kosa la vina.

Miaka kumi na kidogo baadaye, neno lile lile lilikuwa katika kiambatisho cha tasnifu yangu ya uzamivu, ndani ya jedwali la ulinganifu wa sauti, na mtahini wa nje akalisifu jedwali hilo kwa utajiri wake. Mara ya tatu nilikutana nalo katika faili la mwombaji hifadhi aliyekuwa Ulaya. Wakili wake alikuwa ameniomba nisikilize kanda ya mahojiano. Mchanganuzi wa lugha alikuwa ameandika kwamba mwombaji, aliyedai kuzaliwa visiwani, alisema maji badala ya mai, na kwa hiyo huenda hakutoka huko. Kijana huyo alikuwa ameishi Mombasa miaka sita na kusoma huko. Alikuwa amesahihishwa, kama mimi.

Neno hilo, basi, limekuwa kosa, limekuwa data, na limekuwa ushahidi. Mahali pekee ambapo halijaruhusiwa kukaa kwa utulivu ni ndani ya shairi, mbele ya msomaji anayelisoma kama shairi. Nalisimulia jambo hili dogo kwa sababu ndani yake imo hoja yangu yote, na kwa sababu walio wengi katika kikao hiki wamewahi kushika kalamu ile nyekundu. Mimi pia nimeishika.

2. Mji usiokuwapo mkutanoni

Wenyeji hulieleza jina la Kismayu kuwa ni Kisima-yuu, yaani kisima cha juu. Maelezo ya majina ya miji huwa na hadithi nyingi, wala sina nia ya kuyathibitisha hapa. Lakini angalia kwamba maelezo hayo yanasimama katika lahaja za kaskazini peke yake, ambako juu imeiacha j yake kama maji ilivyoiacha. Visiwa navyo, kutoka Kismayu kuelekea kusini hadi mpaka wa Kenya, vimeandikwa kwa tahajia zinazogombana: Chovai ni Tovai katika ramani nyingine, na Chula ni Tula. Anayezijua sauti za Kibajuni hashangai. Penye t ya lahaja nyingine, Kibajuni mara nyingi husema ch, na mtu huwa mchu.

Kwa nini lahaja hii haikuingia katika mjadala wa Kiswahili cha shule? Tumezoea kuusimulia usanifishaji kama ushindani wa Mombasa na Unguja, ambamo Unguja ilishinda na Mombasa ikanung'unika. Kismayu haikushindwa katika ushindani huo, kwa kuwa haikuwapo. Hadi katikati ya mwaka 1925 nchi ya Jubaland, pamoja na mji wake wa Kismayu, ilikuwa chini ya Waingereza. Mwaka huo ikakabidhiwa Italia. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, ulikutana Dar es Salaam mkutano wa elimu uliozungumzia lugha ya kufundishia. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakubali Kiunguja kiwe msingi, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Ndugu wa baba mmoja, wengine Faza na wengine Koyama, walijikuta katika historia mbili za lugha. Yule wa Faza aliambiwa kwamba Kiswahili chake si sanifu. Yule wa Koyama hakuambiwa lolote.

Baada ya hapo shule ya Kismayu ilisema Kiitaliano, na baada ya uhuru wa mwaka 1960 ikasema lugha kadhaa, hadi tarehe 21 Oktoba 1972 Kisomali kilipopewa hati ya Kilatini na kufanywa lugha ya dola. Tendo hilo ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya sera ya lugha barani Afrika, na sisi tunaolalamika kwamba serikali zetu hazithubutu hatuna haki ya kulipita kwa kimya. Kampeni za kusoma na kuandika zilizofuata, mjini mwaka 1973 na vijijini mwaka 1974 na 1975, zilifanya jambo ambalo majirani wengi walikuwa wakilisema majukwaani tu. Hata hivyo, kwa mtoto wa Kibajuni ilikuwa shule nyingine katika lugha nyingine. Nyumbani alisema Kiswahili ambacho hakuna shule upande wowote wa mpaka iliyokifundisha.

3. Rafu za maktaba

Si kweli kwamba Wabajuni hawajaandikwa. J. A. G. Elliott alieleza safari yake ya visiwani katika jarida la miaka ya 1920. Mtaalamu wa Kiitaliano V. L. Grottanelli alichapisha mwaka 1955 kitabu kizima juu ya wavuvi hawa, Pescatori dell'Oceano Indiano, ambacho wanafunzi wetu wa Kiswahili hawakisomi kwa sababu iliyo wazi. Neville Chittick alipita pwani hiyo akitafuta magofu, akachapisha ripoti mwaka 1969. Derek Nurse alikusanya msamiati na sarufi, akaziweka lahaja za Somalia na za kaskazini ya Kenya katika mizani moja mwaka 1982, kisha mwaka 1993, pamoja na Thomas Hinnebusch, akaonyesha nafasi yake katika ukoo wa lugha za Kisabaki. Mimi ni mwanafunzi wa kazi hizo, na bila hizo nisingekuwa na tasnifu.

Lakini ukizipanga rafuni utaona zinakosa nini. Zipo nyumba, mitumbwi, magofu, viambishi na nomino. Mtunzi hayumo. Anayesema katika vitabu hivi ni msemaji wa lugha, aliyeombwa kutaja neno la samaki au kunyambua kitenzi.

Hapa nijishtaki mwenyewe. Katika utafiti wangu nilimrekodi mzee mmoja aliyekuwa baharia, mhamiaji wa Mombasa, akiimba kimai. Jina la nyimbo hizi za baharini lenyewe, kwa sikio la kaskazini, lina mai ndani yake. Mzee hakutaka kuimba akiwa ameketi. Aliniambia: “Mwanangu, hiki hakiimbwi kitako.” Akasimama, akavuta kamba isiyokuwapo, na kila baada ya maneno machache alinyamaza kwa kadiri ya mvuto mmoja. Niliporudi nyumbani niliyaandika maneno yake kwa mishororo, nikaziondoa zile pumzi kwa sababu sikuona zinatumika nini katika uchanganuzi wa viambishi. Leo nazisikia zile pumzi kuwa ndizo mizani. Mtunzi alipanga neno zito lidondoke pale mwili unapovuta, na neno jepesi pale unapolegea. Nilikuwa nimehifadhi lugha ya wimbo na kuutupa utunzi wake, na hakuna mtahini aliyeniuliza.

Jambo hili lingeweza kwenda vingine, kama Barawa inavyoonyesha. Chimiini, lahaja ya mji ule ulio kaskazini zaidi ya Kismayu, kilichunguzwa na wanaisimu kwa kina kikubwa, na mwenyeji wake, Mohamed Imam Abasheikh, aliandika tasnifu juu ya sarufi yake mwaka 1978. Kazi haikuishia hapo. Mwaka 2018 zilichapishwa tenzi za dini za Barawa za tangu mwisho wa karne ya 19 hadi mwaka 1975, wenye lugha na wataalamu wakikaa meza moja. Ndani ya mkusanyo huo watunzi wana majina, wana walimu, na wana tofauti za mtindo baina yao. Dada Masiti, yule mwanamke mtawa aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 20, anasomwa kama mshairi mwenye mawazo yake. Kibajuni cha Kismayu kinangojea kitabu cha namna hiyo, na sababu moja ya kungojea ni kwamba nyimbo za kazi, za bahari na za shamba, hazikupata heshima waliyoipata watunzi wa hati za Kiarabu. Huo ni upendeleo wa kale wa uhakiki wetu wenyewe. Hatuwezi kumsingizia mkoloni peke yake.

Tena wakati haukai. Tangu watu watawanyike, Kibajuni cha Somalia kimepata wasikilizaji wapya wasiotarajiwa. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo ambao kichwa chake chenyewe kinataja uwezo wa kusema Kibajuni. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ililazimika kupima uzito wa ripoti za uchanganuzi wa lugha kuhusu watu waliosema wametoka Somalia, ikatahadharisha kwamba wachanganuzi wasivuke mipaka ya ujuzi wao. Siwalaumu mahakimu kwa kutafuta ushahidi. Lakini tuangalie tulipofika: yapo majengo ya serikali huko Ulaya ambamo tofauti ya mtu na mchu imejadiliwa kwa makini kuliko inavyojadiliwa katika semina ya ushairi wa Kiswahili popote Afrika Mashariki.

4. Vyuo vilivyowahi kufungua mlango

Mtu anaweza kusema kwamba chuo kikuu hakina kazi ya kuamua nini ni ushairi. Kazi yake ni kupokea kilichokwisha kukubaliwa. Historia yetu haisemi hivyo. Mnamo Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na masomo ya fasihi yaanzie Afrika, fasihi simulizi ikiwa katikati yake. Dar es Salaam, ambako idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, Farouk Topan alikuwa amekwisha kuanza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili, na mkusanyo aliouhariri, Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, uliwapa wanafunzi lugha ya kuhakikia. Walimu hao walikuwa watunzi pia. Topan alitoa Mfalme Juha mwaka 1971, na Ebrahim Hussein alikuwa ametoa Kinjeketile mwaka 1969. Mhadhara na jukwaa vilikuwa jirani.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Euphrase Kezilahabi. Huyu alikuwa mtu wa kisiwa, kama sisi, ila kisiwa chake ni Ukerewe katika ziwa Nyanza, na lugha yake ya kwanza haikuwa Kiswahili. Aliingia chuo kikuu, akatoa Rosa Mistika mwaka 1971 na Kichomi mwaka 1974, akaandika tasnifu ya umahiri juu ya Shaaban Robert, na kwa Kichomi akauingiza ushairi usiofuata vina katika mabishano ambayo hayajaisha. Washika kanuni walimpinga vikali, na mimi, niliyelelewa kwa vina, naelewa kwa nini. Lakini chuo kilimpa nafasi. Alisomwa, akabishiwa, akatetewa, na leo hakuna mtaala wa ushairi unaothubutu kumwacha. Ikiwa chuo kilikuwa tayari kuacha vina na mizani kwa ajili ya mtunzi aliyetoka bara, ni ajabu kwamba kinamkatalia mtunzi wa Kismayu herufi moja.

Wala lahaja si kikwazo, maana Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotoka mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, ni ya Kimvita. Inasomwa Nairobi, Dar es Salaam na Leipzig, wala sijasikia mhadhiri akiisahihisha. Kiamu nacho kimeheshimiwa kwa muda mrefu. Ni miji yenye bandari, wanavyuoni na wachapishaji ndiyo iliyopewa ruhusa ya kuwa na lahaja ya kutungia. Waliobaki, Watikuu wa visiwani na wa bara ya Kismayu, walisikika masikioni mwa mabwana wa mjini kama watu wa nazi na samaki, na uhakiki ukarithi sikio hilo.

Kazi inayonifaa kuonyesha namna ya kusoma vingine ni Sambo ya Kiwandeo ya Ahmed Sheikh Nabhany, iliyochapishwa Leiden mwaka 1979 kwa uhariri wa Gudrun Miehe na Thilo C. Schadeberg. Utenzi huu unaijenga jahazi sehemu kwa sehemu, kisha unaipeleka baharini. Uko katika Kiamu, lakini dunia yake ni ya Wabajuni pia, ambao walikuwa mafundi mashuhuri wa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari. Vyuoni utenzi huu husomwa kama ghala. Mwanafunzi hutumwa aingie na kutoka na majina ya viungo vya chombo, kama alivyotumwa mzee wangu kutoa viambishi. Mwenyewe Nabhany, kwa mapenzi yake ya msamiati, aliusaidia usomaji huo. Lakini usomaji huo unaacha kitu kikubwa, yaani mpangilio. Utenzi unakwenda kwa wakati wa karakana, ambamo hakuna sehemu inayotajwa kabla ile inayoibeba haijawekwa. Msomaji asiyejua hata neno moja la useremala hujikuta anajua nini kinashika nini. Hiyo ni mbinu ya utunzi, na inafundishika. Mwanafunzi wa uandishi wa kubuni angeweza kupewa zoezi la kutunga juu ya kushona wavu au kujenga dema kwa wakati huo huo wa kazi, na angejifunza zaidi kuliko kutokana na orodha ya aina za wahusika.

Nimetaja orodha kwa makusudi. Nimekaa katika bodi za mitihani ambako somo la uandishi wa kubuni lilipimwa kwa karatasi inayouliza fasili ya uandishi wa kubuni, sifa za mwandishi bora na hatua za kuandika riwaya. Mwanafunzi anaweza kulifaulu kwa alama ya juu bila kutunga hata ubeti mmoja. Wenzetu wa Makerere walikuwa na jarida la wanafunzi, Penpoint, tangu mwaka 1958, kwa Kiingereza. Idara za Kiswahili zilianzisha majarida mazuri ya uhakiki, na ninayashukuru, lakini majarida ya watunzi wanafunzi yamekuwa haba. Tumejenga kiti cha hakimu kabla ya uwanja wa ngoma.

5. Darasa la Kismayu

Somalia ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Desemba 2023, na ikawa mwanachama kamili tarehe 4 Machi 2024. Rais Hassan Sheikh Mohamud amevihimiza vyuo vikuu vya nchi yake kufundisha Kiswahili. Ni habari njema, na hatari yake iko katika wepesi wake. Njia iliyo rahisi ni kuchukua mtaala wa Kiswahili kwa wageni kutoka Dar es Salaam au Nairobi na kuupeleka Mogadishu, kisha Kismayu, kama ulivyo. Kwa Mogadishu huenda ukafaa. Kwa Kismayu ungekuwa na maana kwamba Kiswahili kinafundishwa kama lugha ya kigeni katika mji ambao kimekuwa kikisemwa kabla ya mipaka yote iliyotajwa hapo juu.

Darasa hilo halitakuwa la Wabajuni peke yao, wala halifai kuwa hivyo. Wengi wa wanafunzi watakuwa wasemaji wa Kisomali, na wao hawaji mikono mitupu. Wanatoka katika mojawapo ya mapokeo makuu ya ushairi duniani, yenye sheria ngumu kuliko zetu. Ushairi wa Kisomali hufungwa kwa higgaad, ambapo sauti moja ya mwanzo wa neno hurudi mshororo baada ya mshororo hadi mwisho wa shairi, na katika gabay hurudi katika kila nusu ya mshororo. Vina vya mwisho si sharti.

Nimewahi kulijaribu jambo hili darasani kwangu, kwa wanafunzi wawili wa Kisomali waliokuwa wakijifunza Kiswahili. Mmoja alitunga beti tatu za Kiswahili zilizofungwa kwa sauti k, akajivunia. Mwenzake akazisoma na kumwambia kwamba hapo hakuna kazi, hiyo ni sarufi tu. Alikuwa sahihi kabisa. Katika Kiswahili upatanisho wa ngeli hukupa urudiaji wa sauti ya mwanzo bila jasho: kitabu kile kikubwa kimepotea. Mtunzi anayetaka higgaad ya kweli katika Kiswahili lazima aitafute katika mizizi ya maneno, chini ya viambishi, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Nikawageuzia swali: je, vina vyetu? Wakaona mara moja kwamba lugha ambayo karibu maneno yake yote huishia kwa irabu, na vitenzi vyake vina viambishi vya mwisho vinavyojirudia, hutoa vina rahisi kwa wingi, na kwamba malenga wazuri ni wale wanaovikataa vina hivyo rahisi. Katika saa moja tulikuwa tumefika kwenye kiini cha umbo la ushairi wa lugha mbili, mahali ambapo mihadhara yangu juu ya bahari za ushairi haikuwahi kunifikisha. Mji ambao mapokeo hayo mawili yanakaa mtaa mmoja ni Kismayu, na ni huko kilipo Chuo Kikuu cha Kismayo.

Na Kibajuni kingefanya nini katika darasa hilo? Kwanza, kingewaonyesha wote kwamba mabadiliko ya sauti ni jambo la utunzi. Si kila usanifishaji huvunja shairi. Mchu na kichu zikigeuzwa kuwa mtu na kitu, kina kinasalia salama kwa sura mpya, kwa kuwa badiliko limegusa maneno yote mawili sawa. Shairi huvunjika pale lahaja ilipoiacha sauti ambayo sanifu imeibakiza: mai, ina, yuu. Mwanafunzi akilijua hilo ataweza kuamua mwenyewe, beti kwa beti, nini atafsiri kwa sanifu na nini aache, na ataweza kumjibu msahihishaji.

6. Pingamizi na masharti

Pingamizi la kwanza ni la ajira. Mhitimu wa Kismayu atahitaji Kiswahili sanifu ili afanye kazi Arusha, Nairobi au Zanzibar, na atakayemnyima hicho kwa jina la urithi wake atakuwa amemdhulumu. Nakubali bila masharti. Ninachopendekeza ni kanuni ndogo ya usahihishaji: katika insha, ripoti na uhakiki, sanifu itumike na isahihishwe, katika kazi ya kubuni, lahaja ikubaliwe, mradi mtunzi awe nayo kwa makusudi na aweze kueleza uchaguzi wake pamoja na faharasa fupi. Kalamu nyekundu isiguse neno la kina kabla ya kuuliza. Kanuni hiyo haina gharama, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lingeweza kuipendekeza kwa idara zote. Wapemba, Wamakunduchi na Wangwana wa Kongo wangenufaika nayo sawa na sisi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wabajuni ni wachache katika mji uliopiganiwa mara nyingi tangu mwaka 1991, na kuinua lahaja yao chuoni kunaweza kuonekana kama dai la ardhi au la kabila. Sina jibu lepesi. Najua tu kwamba kuinyamazia hakujawalinda. Na darasa ambamo Msomali anamfundisha Mbajuni higgaad, na Mbajuni anamfundisha Msomali kimai, halimpi yeyote hati ya kiwanja.

Kuna na tahadhari ya kitaaluma. Nyimbo za vave, ambazo wakulima wa Kibajuni huimba usiku wa kuamkia kuchoma msitu waliofyeka, tunazijua zaidi kutoka bara ya Lamu. Asidhani mtu kwamba kilichorekodiwa upande wa Kenya ndicho kilichoimbwa upande wa Kismayu, kisha akakipeleka huko kama urithi wao uliorudishwa. Kukusanya kuanze upya kwa wenyewe, walioko visiwani na waliotawanyika Mombasa, Malindi na Uingereza, na kila kanda iwekwe nakala Kismayu kabla ya kupelekwa kwingine. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, ina mamlaka ya kuuratibu mradi kama huo. Tena wanukuu wazihesabu pumzi.

Jambo la mwisho ni walimu. Wa kwanza kwenda huko, ikiwa watakwenda, watakuwa Wakenya na Watanzania, wengi wao wazuri, na karibu wote wamefunzwa na vyuo vile vile vilivyonifunza mimi. Ningependa mkataba wao uwe na kifungu kinachowataka wakae Faza au Kizingitini muhula mmoja kabla ya kusafiri, bila kufundisha, wakisikiliza tu watu wakisema na kuimba, na mwisho wa muhula watoe ubeti mmoja walioutunga wao wenyewe katika lahaja waliyoisikia, usomwe mbele ya wenyeji. Wenyeji wausahihishe.